Meseji, simu, video au kuonana: chombo gani kinabeba nini kati ya watu wanaopendana

Kwa karibu miaka mitatu, mimi na rafiki yangu wa tangu utotoni tulikuwa tukiandikiana kila siku. Asubuhi "umeamkaje", jioni "siku imekwendaje", na katikati picha, vichekesho na vidole gumba. Mtu angeniuliza nani yuko karibu nami kuliko wote, ningemtaja yeye bila kufikiri. Siku moja mikono yangu ilikuwa na kazi, sikuweza kuandika, nikampigia. Akapokea, akasema "haloo", na kabla hajaimaliza haloo yenyewe nikajua kuna jambo. Tulizungumza zaidi ya saa nzima. Ndoa yake ilikuwa imevunjika miezi saba nyuma. Miezi saba, na kila siku ya miezi hiyo nilimuuliza habari, na kila siku aliniandikia "nzuri".

Usiku ule niliyapitia mazungumzo yetu yote ya maandishi nikitafuta mahali aliponidanganya. Sikupaona. Nilichoona ni kwamba hapakuwa na nafasi. Huwezi kulitua jambo zito namna ile katikati ya kichekesho na kidole gumba. Pakacha ni chombo kizuri, ila halichoti maji, na sisi tulikuwa tukijaribu kuchotea maji kwa pakacha kwa miaka mitatu.

Tangu hapo nimeacha kuuliza kama simu zinatuharibu au zinatujenga. Swali hilo halimsaidii mtu aliyemkosa mwenzake. Linalomsaidia ni hili: nina jambo hili la kumfikishia mtu huyu, nitumie chombo gani? Ulinganisho huu unajaribu kulijibu. Na jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayosema mtu 1 kati ya 6 duniani ameguswa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Miaka 15 kabla yake, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 308,000, wakaona kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na uwezekano wa kubaki hai mkubwa kwa asilimia 50 kuliko wasio nao.

Mwenye haraka aanze na jedwali hili. Maelezo yanafuata, na mengine yanalipinga kidogo.

| Njia | Inabeba vizuri | Inaangusha |
|---|---|---|
| Meseji fupi | Miadi, salamu, picha, "nimefika salama" | Huzuni, ugomvi, utani mkali |
| Barua ndefu | Shukrani, msamaha, mambo ya kuwekwa | Jambo linalotaka jibu sasa hivi |
| Ujumbe wa sauti | Simulizi, walio kwenye saa tofauti | Majadiliano, habari mbaya |
| Simu ya sauti | Faraja, kurudisha urafiki uliopoa | Kukaa pamoja kimya |
| Simu ya video | Watoto, wazee, viziwi, kuonyeshana kitu | Mazungumzo marefu ya moyoni |
| Kuonana | Karibu kila kitu | Haraka, umbali |

Maandishi na sauti

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tumehama bila kujua. Hakuna aliyeamua siku moja kwamba kuanzia leo faraja itaandikwa. Ilikuja kidogo kidogo, kwa sababu kuandika ni rahisi na hakumsumbui mtu.

Leslie Seltzer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walifanya jaribio ambalo sijaweza kulisahau. Walichukua wasichana wa miaka 7 hadi 12, wakawatia katika hali ya kuwafadhaisha: kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya watu wasiowajua. Baadaye wengine walikutana na mama zao, wengine wakazungumza nao kwa simu, wengine wakaandikiana nao kwa kompyuta, na wengine hawakuwasiliana na mtu. Watafiti walipima homoni mbili: kotisoli, inayopanda mtu akiwa na wasiwasi, na oksitosini, inayohusiana na kuhisi ukaribu. Walioonana na mama na waliosikia sauti yake walitulia, na oksitosini ikapanda. Walioandikiana naye hawakupata oksitosini hiyo, na miili yao ilifanana na ya wale walioachwa peke yao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Mama ni yule yule, nia ni ile ile. Kilichopungua ni sauti.

Kuna na tatizo la kueleweka. Mwaka 2005 Justin Kruger na Nicholas Epley na wenzao waliwapa watu kazi ya kutuma sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, kwa baruapepe au kwa sauti. Watumaji waliamini wataeleweka sawasawa kwa njia zote mbili. Kwa sauti walieleweka vizuri. Kwa maandishi, wapokeaji walipatia kidogo tu kuliko mtu anayebahatisha. Sababu yake kila mmoja wetu anaijua akijichunguza: ninapoandika, naisikia sauti yangu kichwani, kwa hiyo naamini nawe unaisikia. Huisikii. Unaisoma kwa sauti uliyonayo wewe siku hiyo, na kama siku yako ilikuwa mbaya, basi na meseji yangu ni mbaya. Ni magomvi mangapi tumeyabeba kwa sababu ya "sawa" moja iliyoandikwa bila chochote mbele yake?

Mbona basi hatupigi? Kwa sababu tunaogopa. Tunadhani itakuwa aibu, hatutakuwa na la kusema, tutamkuta ana shughuli. Amit Kumar na huyo huyo Epley waliipima hofu hiyo katika utafiti wa mwaka 2021. Waliwataka watu wamtafute rafiki wa zamani, kwa simu au kwa baruapepe. Wengi walitabiri kwamba simu itakuwa na ugumu. Waliopiga walitoka wakiwa wamejihisi karibu zaidi na rafiki zao kuliko walioandika, na ule ugumu walioutarajia haukuonekana. Hofu ilikuwa kabla ya kupiga tu.

Uamuzi wangu kati ya hivi viwili hauna kigugumizi. Kama ungebadili jambo moja tu maishani baada ya kusoma haya, yahamishe mambo ya moyo kutoka kwenye maandishi uyapeleke kwenye sauti. Ukihitaji kuandika, andika kuomba nafasi: "Nikupigie saa mbili usiku?" Simu isiyotarajiwa ni kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi, na wapo wanaoumizwa nayo kweli kweli. Ombi la maneno manne linaondoa tatizo hilo.

Lakini nisiyaonee maandishi. Yupo anayeshindwa kusema akiwa anatazamwa au kusikilizwa, na maandishi humpa muda wa kulitafuta neno lake. Yupo anayeishi na mtu mkali na hawezi kupiga simu akasikiwa. Na ipo barua. Barua ndefu, ya mkono au ya kompyuta, iliyoandikwa kwa kukaa na kufuta na kuandika tena, siihesabu pamoja na meseji hata kama zote ni herufi. Kumar na Epley, mwaka 2018, waliwaomba watu waandike barua za shukrani kwa watu waliowagusa maishani. Waandishi walidhani wapokeaji wataona haya na hawatashangaa sana. Wapokeaji walifurahi kuliko ilivyodhaniwa, na aibu iliyotabiriwa ilikuwa ndogo. Mimi nina barua moja niliyoandikiwa na shangazi yangu mara moja tu maishani mwake. Meseji zake zote zimepotea pamoja na simu zilizoharibika, ila barua ile najua iko wapi hata gizani.

Kati ya meseji na simu upo ujumbe wa sauti, na watu wengi wameuchagua wakiamini wamepata uzuri wa pande zote mbili. Wamepata nusu. Sauti ipo, pumzi ipo, kicheko kipo. Kinachokosekana ni kupokezana. Tanya Stivers na wenzake walichunguza lugha 10 za mabara mbalimbali, na matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba kwa wastani pengo kati ya swali la mmoja na jibu la mwenzake ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Tunashikana kwa maneno haraka kiasi hicho. Na katikati ya maneno ya mwenzako unatia "ehe", "mh", "wee!", "pole", ambavyo ndivyo vinavyomwambia endelea, nipo. Katika ujumbe wa sauti unausimulia ukuta kwa dakika nne. Ni mzuri kwa anayelala wakati wewe unaamka, au anayependa kusikia simulizi akiwa na kazi zake. Ila usitangaze msiba kwa njia hiyo. Na ukijibu wa mwenzako, anza na alichokisema yeye kabla hujafika kwenye yako, vinginevyo mtakuwa wasimulizi wawili wasio na msikilizaji.

Sauti peke yake, au sauti na sura

Mtu angetarajia kwamba video, kwa kuwa inaongeza uso, itakuwa bora kuliko simu ya kawaida. Nami nilitarajia hivyo. Michael Kraus alichapisha mwaka 2017 majaribio yaliyoonyesha kinyume: watu waliosikia sauti pekee walitambua hisia za wenzao kwa usahihi zaidi kuliko waliosikia na kuona. Uso tumejifunza kuufunga, tunaweza kutabasamu tukiwa na jeraha. Sauti hatujaimudu kiasi hicho. Ndiyo maana haloo moja ilinitosha.

Video ina uchovu wake pia. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka 2021 sababu nne: nyuso zilizo karibu mno zinazokukazia macho muda wote, kujitazama mwenyewe kama uliye mbele ya kioo, kukaa umeganda ili usitoke kwenye picha, na kazi ya ziada ya akili kusoma ishara ambazo skrini inazipotosha. Ukiweza, ficha picha yako mwenyewe. Hutaamini wepesi utakaoupata.

Hata hivyo kuna watu ambao kwao siwezi kusema chagua simu. Mtoto mdogo hawezi kuzungumza na simu, anataka kukuonyesha mchoro wake na jino lililong'oka. Mzee mwenye usikivu hafifu anasoma midomo yako. Na kwa viziwi wanaotumia lugha ya alama, video ndiyo sauti. Wao walisubiri muda mrefu sana kuliko sisi kupata kuzungumza na mtu wa mbali kwa lugha yao wenyewe.

Kuna matumizi moja ya video ninayoyapenda kuliko mengine: kuiacha wazi. Simu imeegemezwa kando, kila mtu na kazi zake, mmoja anakunja nguo, mwingine anasoma, mara neno, mara kimya. Hakuna anayemtazama mwenzake. Ni jambo la karibu zaidi na kuishi pamoja ambalo skrini imewahi kunipa.

Skrini na kuonana

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kuna nyoka katika maisha ya watu. Ugonjwa, msiba, usiku wa kabla ya upasuaji. Mwaka 2006 James Coan na wenzake waliwaweka wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaambia huenda watapigwa shoti ndogo ya umeme. Walipoushika mkono wa mume, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilipungua kazi. Mkono wa mtu wasiyemjua ulisaidia pia, lakini kidogo. Na kadiri ndoa ilivyokuwa nzuri, ndivyo mkono ulivyotuliza zaidi. Hakuna programu yenye mkono.

Tofauti ambayo mimi naihisi zaidi, na siioni ikisemwa sana, ni ya ukimya. Simu ikikaa kimya sekunde tano, mtu anauliza "unanisikia?" Meseji isipojibiwa, watu wanahesabu alama za bluu na kutunga sababu. Ana kwa ana mnaweza kunyamaza nusu saa, na kunyamaza huko kukawa ndiyo mazungumzo yenyewe. Mtu mwenye jambo zito mara nyingi halitoi mpaka baada ya kimya kirefu. Mpe simu na atalimeza, maana kimya cha simu kinadai kujazwa.

Urafiki nao unataka saa, saa nyingi kuliko tunavyodhani. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba mtu unayemfahamu tu huwa rafiki wa kawaida baada ya kama saa 50 za kuwa pamoja, rafiki hasa baada ya kama saa 90, na rafiki wa karibu baada ya saa zaidi ya 200. Saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito ule wa saa za mapumziko na mazungumzo. Anayelalamika kwamba utu uzima umemnyima marafiki wapya ajiulize saa hizo 200 atazitoa wapi. Ukionana na mtu saa mbili kila mwezi, hiyo ni zaidi ya miaka minane.

Kwa hiyo ukiwa na uamuzi kati ya kuonana kwa nadra kwa shangwe kubwa na kuonana mara kwa mara kwa jambo la kawaida, chagua la kawaida. Sherehe ina watu wengi na muda mfupi kwa kila mmoja. Kutembea pamoja kila Jumamosi asubuhi hakuna picha nzuri ya kuweka popote, lakini ndiko kunakozaa zile saa. Na ipangwe siku. Neno ambalo limeua urafiki mwingi kuliko ugomvi ni "tutatafutana". Linasemwa kwa mapenzi ya kweli, mlangoni, watu wakiagana, na halina siku wala saa ndani yake. Nimeapa kutolisema tena. Nikiagana na mtu ninayemtaka nasema siku, hata kama tutaibadilisha.

Kuhusu simu iliyowekwa mezani mkizungumza: utafiti wa Andrew Przybylski na Netta Weinstein ulioenea sana ulisema kuwepo kwake tu kunapunguza ukaribu, hata isipolia. Majaribio mengine ya baadaye hayakupata matokeo hayo. Mimi naipeleka chumba kingine kwa sababu nyepesi zaidi: najijua, ikiwa karibu nitaitazama, na nikiitazama mwenzangu atalifupisha lile alilokuwa akilisema.

Wengi kidogo kidogo, au wachache kwa kina

Sitakaa hapa. Mwanaanthropolojia Robin Dunbar amekuwa akisema tangu mwaka 1992 kwamba akili ya binadamu inamudu uhusiano wa watu wapatao 150, na ndani yake mna duara: kama 50 marafiki, kama 15 wa karibu, kama 5 wa ndani kabisa. Namba zinabishaniwa, umbo lake mtu analiona akiangalia maisha yake. Magrupu yanatunza duara la nje vizuri, na duara hilo lina kazi: mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi watu wengi walizipata kwa watu wanaofahamiana nao kwa mbali. Hatari ni pale grupu la watu 80 linapokula muda wa wale watano. Ukiwa na dakika 30 jioni, nani anazipata? Andika majina matano kwenye karatasi, halafu angalia orodha ya simu ulizopiga mwezi huu.

Wanaoishi mbali na wanaolala chumba kimoja

Wapenzi walio mbali huhurumiwa. Crystal Jiang na Jeffrey Hancock waliwalinganisha mwaka 2013 na wanaoishi karibu, wakakuta kwamba walio mbali hawakupungukiwa ukaribu. Waliwasiliana mara chache kwa siku, ila walipowasiliana walifunguliana mioyo zaidi, na walimtazama mwenzao kwa jicho la wema zaidi. Hili halimaanishi umbali ni mzuri. Wanapokuja kuishi pamoja watakutana na mtu halisi, na wengine hushtuka. Lakini linaniambia jambo kuhusu sisi tulio karibu: wao wanajua kwamba mazungumzo ndiyo uhusiano wao wote, sisi tunadhani kitanda kimoja kinatosha.

Nyumba nyingi leo zina watu wawili wamelala mgongo kwa mgongo, kila mmoja uso ukiwa na mwanga wa bluu. Mwanasaikolojia John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo mingi, anaita vitu vidogo tunavyotupiana siku nzima kuwa ni maombi ya kuangaliwa: "hebu sikiliza hii", kuguna, kuonyesha ndege dirishani. Aliripoti kwamba wanandoa waliokuwa bado pamoja miaka sita baadaye waliyaitikia maombi hayo mara 86 katika 100, na walioachana mara 33. Simu haikatai maombi hayo kwa ukali. Inayafanya yasisikike tu. Mtu akisema "hebu ona" mara tatu bila kuangaliwa, mara ya nne hasemi, na hakuna aliyegombana.

Kati ya kuweka sheria ya nyumba na kuomba, mimi nachagua kuomba. Sheria ya "hakuna simu chumbani" huishia na mmoja kuwa polisi na mwingine mtuhumiwa, na hakuna mapenzi yanayoota hapo. Ombi lina sura nyingine: "Nakukosa ukiwa hapa hapa. Tunaweza kuacha simu sebuleni hadi kesho, leo tu?" Leo tu ni rahisi kukubali. Na kesho unaomba tena.

Halafu mkiziacha, mnasema nini? Hili linawatisha watu kuliko wanavyokiri, kwa sababu baada ya miaka mingi ya skrini kimya cha wawili kina uzito. Arthur Aron na wenzake, mwaka 1997, waliwapa watu wasiojuana maswali 36 yanayoanza mepesi na kuzama taratibu, kwa dakika 45, na kuwalinganisha na waliopiga soga za juujuu. Wenye maswali walitoka wakijihisi karibu zaidi. Siri yake ni mwendo ule wa taratibu na zamu: nikifungua kidogo, unafungua kidogo. Anayeanza na "niambie kinachokuumiza zaidi maishani" atafungiwa mlango. Anza na "leo nini kilikuchekesha?" Kesho utafika mbali zaidi. Hata kurudi kugusana huanza hivyo hivyo, bega kwanza, mkono kwanza, bila kudai kitu kingine usiku huo.

Kufunga akaunti, au kupunguza

Mwaka 2018, kabla ya uchaguzi wa Marekani, Hunt Allcott na wenzake waliwalipa watu wafunge Facebook kwa wiki nne. Waliofunga walipata nafuu ya hali ya moyo, nafuu ndogo, na muda wao na familia na marafiki uliongezeka. Uliongezeka pia muda wa kutazama televisheni peke yao. Hapo ndipo penye uamuzi. Kufunga kunatoa saa, hakukupi mtu wa kukaa naye. Kama una jina la mtu na siku ya kuonana naye, funga. Kama huna, anza na jina, kisha zima arifa za kila kitu isipokuwa simu na ujumbe wa watu wako watano. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Mtu, au programu inayojibu kama mtu

Siwacheki wanaozungumza na akili mnemba usiku. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake ndogo, ELIZA, iliyorudisha maneno ya mtu kwa sura ya swali, na watu wakaifungulia mioyo yao. Kiu hiyo ilikuwepo kabla ya mashine za leo. Kwa mazoezi naiona inafaa: kupanga maneno ya msamaha, kujua unachotaka kusema kabla hujampigia dada yako. Lakini programu haiugui, haina siku mbaya, haitakupigia ikilia. Haikuhitaji. Na sehemu kubwa ya tunachokikosa sisi wapweke ni kuhitajiwa na mtu, kuulizwa "utakuja?" na kujua kwamba tusipokwenda kiti kitabaki wazi. Itumie kama kioo cha kujitengenezea kabla ya kutoka, halafu utoke.

Rafiki yangu na mimi siku hizi tunaandikiana kidogo. Kila Alhamisi mmoja wetu anapiga, na mara mbili kwa mwaka mmoja wetu anasafiri. Aliponisimulia habari zote za ile miezi saba ilikuwa ni safari ya tatu, tumekaa nje giza limeshaingia, baada ya kimya nilichodhani ni cha usingizi.

Kama unaye mtu wa namna hiyo na hujui uanzie wapi, Peggy Liu na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba tunapomtafuta mtu bila kutarajiwa, yeye huthamini kuliko tunavyokadiria, na kadiri anavyoshangaa ndivyo anavyothamini zaidi. Meseji inafaa hapa, kwa sababu kazi yake ni kubisha hodi tu. Mimi huandika hivi: "Nimekukumbuka. Naweza kukupigia kesho jioni? Hakuna tatizo lolote, nataka tu kusikia sauti yako." Hayo maneno ya "hakuna tatizo lolote" usiyaache. Mtu asiyepigiwa siku nyingi, akiona jina lako kwenye simu, huwaza msiba kwanza.